Bosi kaniambia kazi yangu ni "the dog's bollocks", kanitukana au kanisifia?

Swali ni la kijana wa Morogoro, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Naediti video kwa timu ndogo ya Waingereza, kila kitu kwa mtandao. Wiki iliyopita bosi kaandika kwenye grup kwamba video yangu ni the dog's bollocks. Nikagugo lile neno la mwisho nikakuta ni mapumbu, siku nzima sikua na raha. Baadae mwenzangu akaniambia umesifiwa wewe, basi na mimi nikarudisha fadhila, nikamwandikia bosi you are the dog's bullocks too, wakacheka grup zima na mpaka leo sijui walicheka nini. Sasa naomba kujua, haya maneno kila mtu anajitungia lake au yana kanuni? Manake mengine hata kwenye kamusi hayamo, juzi kuna mtu kaandika fan-bloody-tastic. Na mimi nikiyatumia kuna ubaya?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, umesifiwa, tena umesifiwa vizuri. Gugo haijakudanganya, bollocks ni mapumbu kweli. Ila ukilisema lenyewe peke yake kumjibu mtu linakua "upuuzi mtupu" au "acha uongo", ukisema umepewa "a bollocking" maana yake umefokewa mpaka masikio yakawaka, halafu ukilivisha mbwa, likawa the dog's bollocks, linageuka kua kitu bora kuliko vyote. Mapumbu ni yale yale, maana tatu, na hakuna hata moja inayohusu mapumbu.

Usiwashangae sana lakini. Sisi wenyewe tunasema pilau limekaa poa kishenzi, na mshenzi ni tusi tena tusi lenye historia mbaya ya misafara ya watumwa, ila nani anakumbuka hayo akiwa na sahani mbele yake? Wakenya wanasema kitu kiko "poa mbaya" na dunia haijapasuka. Noma nayo ilianza kwa ubaya, leo mtu akikwambia "wewe noma" unatabasamu. Neno chafu au baya likitumika sana linachuja ile maana yake, linabaki moto tu, na moto huo unaweza kupikia chochote.

Na hapo kwenye bollocks ngoja nikupe stori maana wenyewe Waingereza walishafikishana mahakamani. Mwaka 1977 bendi ya Sex Pistols ilitoa albamu yenye hilo neno kwenye jina, meneja wa duka la rekodi pale Nottingham akaweka makava dirishani, polisi wakamkamata. Upande wa utetezi wakamleta profesa wa Kingereza wa chuo kikuu cha hapo hapo Nottingham, James Kinsley, akasimama mbele ya mahakimu akaeleza kwa utulivu kabisa kwamba neno hili ni la zamani mno, limo mpaka kwenye tafsiri za kwanza za Biblia kwa Kingereza (kweli limo, kwenye Walawi ya Wycliffe ya karne ya 14, pale panapokataza kutoa sadaka mnyama mwenye kasoro), na kwamba kuna wakati lilikua jina la utani la mapadri, na kwa sababu mapadri walionekana wanaongea upuuzi likaja kumaanisha upuuzi. Meneja akaachiwa. Mimi kila nikiikumbuka hii napata picha ya wale mahakimu wazee na nyuso zao.

Sasa kwenye maneno ya aina hii kosa la wageni wengi, na mimi nilikua mmoja wao, ni kutafsiri neno wakati ulitakiwa utafsiri kipande kizima. Chukua "shit". Kitu kikiwa "shit" ni kibovu. Kikiwa "the shit" ni kizuri mno, yani ka-the kamoja tu kamegeuza meza. "Tough shit" ni "shauri yako". "No shit" ni "we nawe, si inajulikana!" au ni "kweli?", inategemea sauti ilivyotoka. "Shitfaced" ni mtu aliyelewa chakari. Ukiwa na kamusi ya neno moja moja hapa unazama.

Miaka ya nyuma nilikua natafsiri yale maandishi yanayopita chini ya filamu, kwa kampuni moja sitaitaja. Jambazi anamwambia mwenzake "Get your ass in the car". Mimi na ujana wangu na kamusi yangu nikaandika "Ingiza makalio yako kwenye gari". Mhariri alikua mama mtu mzima wa Tanga, akanipigia simu, akaniuliza kwa upole wote wa Kitanga, "mwanangu, na mwili uliobaki anauacha wapi?" Nilicheka lakini ndo siku niliyoelewa: pale "your ass" haimaanishi makalio, inamaanisha wewe mzima, ni kama kiwakilishi tu kilichopakwa pilipili. "They fired his ass" ni kwamba wamemfukuza yeye, makalio na kichwa na mkoba wake. Tukabadilisha ikawa "Ingia garini wewe!", na kale ka-wewe ka mwisho ndo kakabeba pilipili yote. Afu kuna "ass" nyingine inayokaa mkiani mwa sifa, "a big-ass house" ni jumba kubwa kinoma, na nyingine ya kubishia, "rich my ass" ni "tajiri wapi!" au kwa watu wa pwani "thubutu!". Kama unataka kipimo cha kujua mtu anakijua Kingereza cha mtaani, mpe hizi ass tatu azitenganishe.

Haya, fan-bloody-tastic. Hapa ndo utamu wenyewe ulipo, na hapa ndo jibu la swali lako kama wanajitungia ovyo. Hawajitungii ovyo hata kidogo. Neno fantastic mkazo wake uko kwenye TAS: fan-TAS-tic. Neno absolutely mkazo mkubwa uko kwenye LU: abso-LUTE-ly. Bloody (tusi jepesi la kukazia tu), au lile neno lingine kali la F (fuck), linachomekwa kabla ya ile silabi yenye mkazo, basi. Fan-bloody-tastic, abso-bloody-lutely. Sasa jaribu kumwambia Mwingereza "fantas-bloody-tic" au "ab-bloody-solutely" uone atakavyokunja uso, hata mtoto aliyetoroka shule kule Liverpool atakwambia hapana haiko hivyo, na ukimuuliza kwanini hajui, hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha na angemfundisha angefukuzwa kazi. Mwanaisimu wa Marekani John McCarthy aliiandikia makala ya kitaaluma mwaka 1982 kwenye jarida kubwa la isimu, akaonyesha kwamba tusi linaingia kwenye mshono wa mapigo ya neno, yani pale neno linapopumua.

Sisi Waswahili kuchomeka vitu katikati ya neno ndo maisha yetu, nitakupigia, sijakuona, aliyemletea, kutwa tunachomeka. Tofauti ni kwamba vya kwetu kila kimoja kina kazi, ukitoa "ku" kwenye nitakupigia hajulikani anayepigiwa. Kile wanachochomeka wao hakina kazi ya maana hata moja, ukikitoa sentensi inabaki ile ile, umepunguza hasira tu au furaha.

Na kutunga wanatunga kweli, ila kwa mashine hiyo hiyo yenye kanuni. Kuna aina ya matusi yamevuma sana mtandaoni miaka ya karibuni, "shitgibbon", "wankpuffin", "cockwomble". Februari 2017 seneta mmoja wa jimbo la Pennsylvania, Daylin Leach, alimuita Trump shitgibbon hadharani na watu wakakimbilia kuuliza hilo dude ni nini. Angalia lilivyojengwa: mbele tusi fupi la silabi moja, nyuma jina la kitu kisicho na hatia cha silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza. Gibbon ni jamii ya sokwe wadogo wa Asia, puffin ni ndege wa baharini mwenye mdomo wa rangi rangi, womble ni mnyama wa kubuni wa hadithi za watoto wa Uingereza. Hakuna mmoja aliyemkosea mtu. Sasa weka twiga, "shit-giraffe", haipigi, imelala doro, kwa sababu giraffe mkazo wake uko nyuma. Unaona? Ushairi huo, hesabu ya mizani kabisa, ni vile tu washairi wenyewe wana midomo michafu.

Mfano mwingine ambao mimi naupenda kuliko yote ni "enshittification". Alilitunga mwandishi wa Kanada Cory Doctorow mwaka 2022 kuelezea jinsi mitandao inavyoanza vizuri ikishakunasa inazidi kua mibovu, matangazo kila kona, unachotafuta hukipati. Chama cha wanaisimu wa lahaja wa Marekani kikalichagua neno la mwaka 2023, na kamusi ya Macquarie ya Australia ikalichagua mwaka 2024. Lifungue kama unavyofungua redio: "en" ya kuingiza kitu kwenye hali, "shit" katikati, "ify" ya kusababisha, "ation" ya kufanya liwe jina. Yani vipande vitatu vyenye suti na tai vimemzunguka mmoja anayenuka, na kuchekesha kwake kote kuko hapo. Nilipojaribu kulitafsiri nikapata "umavishaji": u, mavi, sha ya kusababisha, ji. Inakubali kabisa! Mke wangu kanikataza kulitumia mezani.

Kwenye kamusi kutoyakuta, hapo umetumia kamusi ya shule. Matusi na misimu ya Kingereza yamekusanywa toka zamani sana. Mwaka 1785 Francis Grose, mtu mnene mpenda kula na kunywa, alichapisha kamusi ya lugha ya wahuni baada ya kuzurura usiku kwenye vilabu na vichochoro vya London akinukuu anachosikia, na mwaka 2010 Jonathon Green akatoa ya kwake majuzuu matatu, misimu mitupu. Ila kamusi ya heshima ya Oxford ilipita kwenye herufi F mwishoni mwa karne ya 19 kama vile neno lenyewe halipo, likaingizwa mwaka 1972. Neno ambalo kila mbeba mizigo wa bandarini alikua analijua!

Na hapo hapo nikuokoe na kitu, manake najua umeshafowadiwa: ile stori kwamba neno la F ni kifupisho cha ruhusa ya mfalme watu wafanye tendo la ndoa, sijui kilikua kinabandikwa mlangoni. Uongo. Kutengeneza maneno kwa herufi za mwanzo ni mtindo wa karne ya 20, ulipamba moto jeshini, mfano "snafu" ni ya wanajeshi wa Marekani wakati wa vita kuu ya pili, maana yake kwa kifupi mambo yako kama kawaida, yani yameharibika yote. Lile la F lina ndugu zake kwenye Kiholanzi na Kinorwe, na mwaka 1310 kule Chester mahakama iliandika jina la mtuhumiwa mmoja aliyeitwa Roger Fuckebythenavele. Navel ni kitovu. Huyo Roger alikosea wapi au alikua anatuhumiwa kwa nini na majirani zake nakuachia ujazie.

Vijiwe navyo vina ufundi wake. Cockney wa mashariki ya London wanachukua neno linalolingana vina na lile chafu, halafu wanakata hicho kipande chenye kina, anabaki mtu hajui kilichofichwa. "Raspberry tart" inalingana na "fart", yani ushuzi, tart ikakatwa, ndo maana mpaka leo kutoa ulimi na kupiga ile sauti ya prrr kunaitwa kupuliza raspberry, na mabibi wanawafanyia wajukuu. Neno "berk", mpumbavu, limetokana na Berkeley Hunt, na hunt inalingana vina na tusi la sehemu za siri za mwanamke, tena lile ndo kali kuliko yote. Basi utamsikia mzee wa kanisa anamuita mwenzie berk bila wasiwasi wowote. "Yob", kijana mhuni, ni "boy" iliyosomwa kinyumenyume, kitu ambacho watoto wa Pwani wala hawatashtuka, kinyume kimechezwa Unguja na Mombasa toka enzi za mababu.

Sasa swali la mwisho ndo zito, uyatumie au usiyatumie.

Maana unaweza kujifunza, uzito ni ngumu sana. Mtafiti Jean-Marc Dewaele alikusanya majibu ya watu zaidi ya 1,000 wanaojua lugha nyingi, wakasema kwa ujumla tusi la lugha ya kwanza linachoma kuliko la lugha ya kujifunza. Jipime mwenyewe hapo ulipo. Sema lile la F kwa sauti. Umesikia nini? Hamna, kama umetaja jina la dawa. Haya sasa jaribu kutamka tusi la nguoni la Kiswahili, lile la mama, ukiwa sebuleni kwenu na mama yako yuko jikoni anasikia. Mdomo umekataa si ndio? Basi huo uzito ulioushindwa hapo, Mwingereza anausikia kwenye neno ambalo kwako ni jepesi kama karanga, na ndo maana vijana wetu wanamwaga matusi ya Kingereza mbele ya wateja bila kupepesa macho, wakidhani wanaongea kisasa.

Uzito huu unatokana na malezi, sauti ya neno haina shida. Kuna majaribio ya chuo kikuu cha Keele, Richard Stephens na wenzake, mwaka 2009 waliwaingiza watu mkono kwenye maji ya barafu, wanaotukana wakavumilia muda mrefu kuliko wanaotaja neno la kawaida. Mwaka 2020 wakaja na kubwa zaidi, wakabuni matusi mapya kabisa, "fouch" na "twizpipe", wakawapa watu watukanie hayo. Tusi la zamani liliongeza uvumilivu kwa kama theluthi moja, yale mapya, wapi, hayakusaidia kitu. Neno halijawahi kukuletea kofi utotoni haliwezi kukutuliza maumivu ukubwani, ndo tafsiri yangu mimi hiyo, wenzangu wanaweza kubisha.

Na uzito wenyewe unahama. Zamani kali ilikua ya dini, mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya faini ya pauni 10 kwa mwigizaji atakayelitaja jina la Mungu ovyo jukwaani, hela nyingi sana hiyo kwa wakati ule. Wakaanza tafsida, "zounds" ni majeraha ya Mungu yaliyofinyangwa, "blimey" ni Mungu na anipofue. Halafu ukali ukahamia kwenye mwili. Mwaka 1914 mwigizaji wa tamthilia ya Bernard Shaw, Pygmalion, alisema "not bloody likely" jukwaani London ikawa gumzo la mji, watu wakaanza kutania "not Pygmalion likely". Mwaka 1965 mhakiki wa maigizo Kenneth Tynan akalitamka la F kwenye BBC mubashara, wabunge wakachachamaa. Leo bloody hata bibi anaisema, na yanayomfukuzisha mtu kazi ni yale ya rangi, kabila, dini na ulemavu. Hayo usiyaguse hata kwa utani, hata kama umeyasikia kwenye kila nyimbo, hata kama wewe ni mweusi na uko kwenye ofisi ya watu mchanganyiko.

Mengine chunga nchi. Mmarekani akiwa "pissed" amekasirika, Mwingereza akiwa pissed amelewa. Mimi nilishamwandikia jamaa wa Manchester pole sana nani kakuudhi, kumbe alikua anajisifia jumamosi yake. Na ule mkoba wa kiunoni Wamarekani wanauita "fanny pack", kwao fanny ni makalio. Uingereza fanny ni sehemu za siri za mwanamke. Ukienda London uite "bum bag" salama yako.

Kwa hiyo wewe kwenye grup la kazi yaelewe yote, ya kutumia chukua machache mepesi, "bloody" sawa, "flipping" sawa, "blimey" sawa ingawa utasikika kama babu. Na angalia ngazi, bosi akikutania juu kuja chini haimaanishi njia iko wazi chini kwenda juu. Huko kwao hata tivii maneno makali yanasubiri mpaka saa tatu usiku watoto walale.

Sasa lile lako la bullocks, herufi moja hiyo. Bollocks mapumbu, bullocks ni maksai. Umemwambia bosi wako yeye ni maksai wa mbwa, na maksai, kama umekulia karibu na wafugaji wa Dumila utajua, ndo dume pekee ambalo yale mapumbu yalishakwenda. Mimi nisingecheka siku moja, ningecheka wiki. Usiombe radhi, utaharibu. Mwandikie "I've just found out what a bullock is", uweke na kaemoji ka ng'ombe, halafu uendelee na kazi.